Gari Lililokula Injini Tatu

Boneti ilikuwa ya moto. Mwanamke aliyeitwa Sikio aliweka kiganja juu yake, kama afanyavyo fundi yeyote gari linapoingia karakanani, akakiondoa haraka, akakitazama, akakirudisha tena. Ilikuwa saa nne asubuhi, gari lilikuwa limelala kivulini tangu jana yake, na chini ya boneti ile hapakuwa na injini. Aliifungua akaona shimo tupu: nyaya zimefungwa kwa tepu, mabano manne ya chuma yakingoja mzigo, na sakafu ya saruji ikionekana kule chini. Joto lilimpanda usoni likiwa na harufu ya nywele zilizoungua.

"Jua hilo," akajisemea, ingawa jua lilikuwa bado halijafika upande ule.

Jina la Sikio alipewa na wateja. Sikio lake la kulia lilizibwa na homa akiwa mdogo, lakini la kushoto lilikuwa linasikia kwa niaba ya yote mawili. Mafundi wengine hufungua injini ndipo waujue ugonjwa wake, yeye alisimamisha ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini inayonguruma, akabana mpini sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Silinda ya tatu, beringi imelegea." Hakuwahi kukosea. Wanaume waliokuja wakimcheka mwanamke aliyevaa ovaroli waliondoka wapole kama kondoo, na karakana ya kaka yake ilikuwa inajaa magari kwa sababu ya sikio hilo moja.

Sasa yeye mwenyewe alikuwa na injini bila gari. Aliiokota ikiwa imevunjika, akaifufua kwa miaka miwili, pistoni moja baada ya nyingine, ikawa inakaa pembeni mwa karakana imefunikwa shuka kuukuu. Naye daktari mmoja wa meno alikuwa na gari la mbio bila injini: jekundu, milango miwili, viti viwili tu, limeinama mbele kama mtu anayenyatia. Bei aliyotaja ilikuwa ya kutupa. Alimwachia Sikio siku tatu alichunguze. Akilipenda wataandikiana, asipolipenda atalirudisha, bila kinyongo.

"Nikwambie ukweli, fundi, nisije nikalaumiwa," daktari alikuwa amesema jana yake akimkabidhi ufunguo, huku ameligeuzia gari kisogo. "Limekula injini tatu. Kila inayofungwa haimalizi wiki. Mafundi watatu wamenawa mikono."

"Mafundi gani hao?"

"Wazuri tu."

"Wangekuwa wazuri, daktari, usingefika kwangu."

Alijibu hivyo, na moyoni alikuwa anacheka kwa furaha. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kumi na sita kati yake alikuwa ametengeneza magari ya watu, akayafikisha barabarani yakiwa mazima, kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Alilitaka gari lile hadi mikono ikamwasha.

Mchana huo kaka yake alitoka kwenda kutafuta vipuri. Sikio alibaki peke yake, ameinama juu ya lile shimo, anapima mabano kwa rula. Ndipo alipousikia ule mngurumo, wa chini, uliotulia, wa injini iliyowashwa ikaachwa isubiri. Akatazama mlangoni. Hakuna gari lililoingia. Akatazama injini yake pembeni, shuka halikutikisika. Mngurumo ulikuwa unatoka palepale alipoinama, mahali palipokuwa na hewa tu.

Mtu mwenye kazi nyingine angetimua mbio. Lakini fundi akisikia mlio asioujua husogea karibu, na Sikio, kwa mazoea ya miaka yote ile, alichukua bisibisi, akaweka ncha kwenye bano la kushoto, akabana mpini sikioni, akafumba macho.

Kwanza alisikia pumzi, ndefu, nzito, za kitu kilicholala na ambacho sasa kilikuwa kinaamka taratibu, halafu pumzi zikakatika na kimya kikawa kinamsikiliza yeye, naye akataka kuitoa bisibisi lakini mkono ukagoma, na kutoka ndani ya chuma, karibu kabisa na ubongo wake, karibu kuliko mtu yeyote alivyowahi kusema naye, sauti tulivu ikamwambia, "Umenisikiliza. Wale wengine hawakunisikiliza, walinivamia tu. Basi wewe nakupa onyo. Hapa ni kwangu. Rudisha gari hili, la sivyo nalichukua hilo sikio."

Bisibisi ilimponyoka ikaangukia sakafuni. Alirudi kinyumenyume mpaka akagonga meza ya kazi, na hapo kaka yake alimkuta, ameshika sikio lake kwa mikono miwili.

Alimweleza yote kwa kunong'ona. Kaka yake hakucheka. Alikwenda akaigusa boneti kwa ncha ya kidole, akarudi amebadilika rangi.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "lirudishe leo hii. Tafadhali. Gari ni bati tu. Sikio lako likienda, utakula nini? Mimi nitakula nini?"

"Amenitisha, kaka. Ndani ya karakana yetu."

"Ndiyo, na wewe tishika!"

"Nimetishika," Sikio alisema, na ilikuwa kweli, machozi yalikuwa yanamlenga. "Lakini pia nimekasirika."

Kesho yake kaka alimleta mtabibu anayepunga majini, bibi mmoja mfupi mwenye miwani minene. Bibi alifika mlangoni akasimama. Akanusa mara mbili. Kaka alipomkaribisha ndani alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Siingii. Na msiniite tena," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo hukaa patupu. Walitoa injini ya kwanza, wakaacha boneti wazi miezi, akaingia. Chochote kinachowekwa pale anakivunja ili pabaki patupu."

"Na anatokaje, bibi?" Sikio aliuliza.

"Anatolewa na mwenye mali tu. Wewe si mwenyewe, binti yangu. Wewe umeazimwa siku tatu, ni mgeni wake. Ukimfokea atakucheka."

"Daktari je? Gari si lake?"

"Daktari alishalisusa moyoni. Halitazami hata kwa jicho moja, au nasema uongo?"

Hakusema uongo. Sikio aliugeuzageuza ufunguo wa gari mkononi. "Nikilinunua?"

Bibi alivua miwani, akamtazama kwa huruma kweli. "Utakuwa mwenyewe. Naye atakupiga palepale alipokuahidi. Wala sijui kama hurudisha anachochukua."

Bibi alipoondoka, kaka mtu alikaa juu ya tairi, akajishika kichwa. Sikio alilizunguka gari mara tatu. Aliwaza asubuhi ya kuamka hasikii chochote, wateja wanachukua magari yao mmoja mmoja, yeye anashikishwa ufagio. Kisha aliwaza kulirudisha gari, na kila siku baada ya hapo kuinamia injini za watu akijua kwamba kitu kimoja kilimwambia ondoka, naye akaondoka. Hilo lilimuuma zaidi.

"Mpigie daktari," alisema. "Aje na kadi ya gari."

"Dada!"

"Mpigie, kaka. Sauti yako nataka kuisikia ikisema hivyo, pengine ndiyo mara ya mwisho."

Kaka yake alipiga simu huku analia. Daktari alifika kabla ya saa sita. Waliandikiana kwenye meza ya kazi, kati ya makopo ya nati. Sikio alitia sahihi, na alipoinua kalamu, dunia ilizimika. Feni ya dari ilikuwa inazunguka bila mlio. Midomo ya kaka yake ilikuwa inakwenda bila neno. Aligonga nyundo mezani akaona kopo likiruka, lakini hakusikia kitu, na hapo alipiga ukelele ambao yeye mwenyewe hakuusikia. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Daktari alikuwa keshatoka mbio.

Kaka yake alichana boksi, akaandika kwa makaa: LIRUDISHE. Sikio aliyachukua makaa, akaandika chini yake: LANGU. LETA WINCHI.

Walifunga injini mchana ule ule. Kaka alivuta mnyororo wa winchi, injini ikaninginia juu ya shimo, na joto lilipanda kutoka mle kama mlango wa tanuri umefunguliwa, harufu ya nywele zilizoungua ikawajaa kooni, mnyororo ukaanza kuyumba bila upepo, kushoto, kulia, kushoto, mpaka chuma chote kile kikawa kinataka kumponda kifua, lakini Sikio aliikumbatia injini kama mzazi anayebeba mtoto mkubwa, akaishusha kwa mikono yake, na kila bolti aliyoikaza ilijifungua polepole mbele ya macho yake, naye akaikaza tena, ikajifungua, akaikaza, ngozi ya vidole ikimchubuka, hadi ile bolti ikachoka kabla yake.

Aliwasha. Alijua kwa miguu, kutokana na mtikisiko wa sakafu, kwamba injini imewaka. Lakini ilikuwa inatikisika vibaya, na injini tatu zilizotangulia zilikuwa zimekufa hivyo hivyo, kwa kugongwa kutoka ndani. Inagongwa wapi? Aliweka bisibisi sikioni akakuta kimya. Akahamisha, akakuta kimya.

Basi akaung'ata mpini kwa meno.

Mlio ulimwingia kupitia taya, ukapanda kwenye mifupa ya kichwa, dhaifu lakini safi: silinda ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu, na pale chini ya bano la kushoto, ngumi. Ngumi ya mtu aliyejifungia ndani, inapiga, inapiga. Jini alikuwa amechukua sikio; meno hakuyafikiria.

Sikio aliweka spana kwenye bano lile, akatema mpini.

"Toka!" alisema, hajui kama amenong'ona au amefoka. "Umenisikia? Injini hii nimeijenga mimi. Gari hili nimelinunua mimi, nawe ukitaka lipa zaidi yangu. Nafasi imejaa. Toka!"

Akakaza kwa uzito wake wote. Spana ilimrudisha, akaikaza tena akiwa ameweka goti, na kitu kikaachia. Joto likaondoka kwa mkupuo mmoja. Aliung'ata tena mpini, akasikia injini yake ikinguruma laini, iliyotulia, peke yake. Kaka yake alikuwa amekaa sakafuni, anacheka na kulia kwa pamoja, kimyakimya.

Sikio lake lilikuwa bado limekufa. Alisubiri dakika kumi, akapiga makofi karibu na uso, hakusikia kitu. Uchungu ulimpanda, akaumeza. Alifuta mikono, akafungua mlango, akakaa nyuma ya usukani wa gari lake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Mlango wa abiria ulifunguka. Hakukuwa na mtu. Kiti cha pembeni kilibonyea taratibu, ngozi yake ikajikunja kama chini ya mwili mzito, na kioo cha upande ule kikafunikwa na mvuke wa pumzi. Mlango ukajifunga. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa ndani.

Sikio alikamata usukani kwa mikono miwili. Hakugeuka. Alitazama barabara iliyokuwa wazi mbele ya lango, kavu, ndefu, akapiga moyo konde.

"Hapo ni kwa abiria," alisema. "Dereva ni mimi. Funga mkanda."

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Halafu mkanda wa pembeni ulivutika wenyewe, polepole, ukapita juu ya kifua kisichoonekana, ukashuka, na kitu cha kwanza Sikio alichosikia kwa sikio lake tangu atie sahihi kilikuwa mlio mdogo wa kifungo cha mkanda kikiingia mahali pake.