Alama Nyekundu Nyuma ya Nyumba ya Rukiah

Kila alfajiri Rukiah alikuwa ameshakanda unga wa chapati kabla mumewe hajarudi kutoka msikitini. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba, karibu na soko la Kalerwe, jijini Kampala. Vijana wa bodaboda walikuja mapema kula chapati zilizokatwakatwa na kuchanganywa na maharage. Chakula hicho wao wanakiita kikomando. Rukiah alikuwa hodari wa kupika na hodari wa kusema. Aliyelalamika kwamba maharage ni machache aliambiwa aende akale kwa mama yake.

Mumewe, Wahabi, alikuwa fundi wa magari huko Kisenyi. Nyumba yao ilijengwa na mama yake Wahabi, Mnubi wa Bombo, ambaye sasa alikuwa amezeeka na kurudi Bombo. Jirani yao wa karibu alikuwa Ayaa, mjane wa polisi, Mwacholi. Watu walimwita Mama Opio.

Rukiah na Ayaa walipelekeana chakula kwa miaka mingi. Ayaa akipika mboga ya malakwang kwa karanga, sahani moja ilikwenda kwa Rukiah. Rukiah hakuirudisha sahani ile bila kutia chapati ndani. Kumrudishia jirani sahani tupu ni kumtukana, na hata watoto wa pale walilijua hilo.

Basi asubuhi moja Rukiah alikwenda nyuma ya nyumba kuosha masufuria. Akaona ukuta. Karibu na bomba, mtu alikuwa amepaka herufi X kubwa, nyekundu, bado inanuka rangi.

Nani katika Kampala hajui maana ya X nyekundu ukutani? Maana yake ni kwamba nyumba itabomolewa.

Aibu ilimshika kabla ya hofu. Alichukua mkeka mkuukuu, akauning'iniza juu ya ile alama ili asiione mtu. Kisha akamwita Wahabi.

"Mbona hatukupewa barua?" aliuliza Wahabi.

"Wewe nawe! Wakitaka kukubomolea watakupigia hodi?"

Rukiah akageuka kutazama ukuta wa Ayaa. Ulikuwa mweupe, safi kabisa, hauna alama yoyote. Hapo ndipo shaka ilipoingia, na ikaingia na miguu yote miwili.

"Kwa nini sisi, na yeye hapana?"

"Mume wake alikuwa polisi," alisema Wahabi polepole. "Pengine ana watu ndani."

Rukiah akakumbuka mambo mengine. Juma lililopita watu wawili wenye futi walikuwa wanapima kiwanja cha Ayaa. Alipomuuliza ni akina nani, Ayaa alijibu, "Ni watu tu," akafunga mlango. Tangu siku hiyo Ayaa hakukaa nje tena. Salamu yake ilikuwa fupi, macho yake chini.

"Kumbe!" alisema Rukiah. "Kumbe ndiyo maana."

Adhuhuri ilipofika, Asuman akatokea kibandani. Huyu alikuwa mtu wa kwao. Mama yake alikuwa Mnubi, na yeye mwenyewe alisali safu ya mbele. Kazi yake hasa haikujulikana, lakini kila mtu alisema kwamba anajua njia za ofisini. Aliagiza kikomando, akala bila haraka.

"Pole sana, Mama Husnah," alisema. Husnah alikuwa binti wa Rukiah. "Nimesikia habari ya ile alama karibu na bomba. Serikali inapanua mfereji wa maji ya mvua. Jina lenu liko kwenye orodha."

"Ya Allah! Sasa tufanyeje?"

"Usihangaike. Nina mtu ndani. Atalitoa jina lenu. Anachotaka ni kuona mkataba wa kibanja, ile hati ya kununulia kiwanja. Ule wenyewe, si nakala. Mnipe Ijumaa baada ya swala."

"Na nani alipeleka jina letu huko?"

Asuman akashusha sauti. "Sipendi fitina, dada yangu. Lakini tazama ukuta ambao hauna alama. Na usimwambie mtu. Mambo haya yakisemwa ovyo, mlango unafungwa."

Jioni ile sahani ya Ayaa ilikuwa bado jikoni kwa Rukiah. Aliiosha, akaikausha, akampa Husnah airudishe.

"Mama, haina kitu ndani," alisema Husnah.

"Nimesema peleka!"

Ayaa aliipokea. Aliitazama ile sahani tupu, kisha akamtazama Husnah.

Siku mbili zilizofuata Rukiah aliunguza chapati zaidi ya moja. Wateja walinong'ona. Mmoja wao, Abwola, hakunong'ona. Abwola alifanya kazi katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria kando ya soko, na kila siku alikula pale.

"Mama Husnah, leo unatulisha makaa," alisema. "Kuna nini?"

Rukiah alimtazama kwa jicho la pembeni. Abwola ni jina la kaskazini. Ayaa pia. Je, kama ametumwa naye? Lakini mzigo ulikuwa umemlemea. Akasema yote, isipokuwa jina la Asuman.

"Umeuliza ofisi ya divisheni, ile ya jiji?" aliuliza Abwola.

"Niulize mimi? Mambo ya serikali huendi mwenyewe. Unatafuta mtu."

"Nani amekwambia? Mpango wa mfereji ni rekodi ya umma. Sheria ya Uganda inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Hata mimi, hata wewe, hata huyu anayelamba sahani."

Kijana wa bodaboda aliacha kulamba sahani.

"Wataniuliza ninazitaka za nini," alisema Rukiah.

"Hulazimiki kutoa sababu. Na wakikataa, wao ndio wanaotakiwa kutoa sababu kwa maandishi. Kuna mambo machache ya kufichwa, kama usalama wa nchi au siri za mtu binafsi. Mfereji si siri."

"Kiingereza cha kuandika sina."

"Asiyeweza kuandika husema kwa mdomo. Afisa anaandika, anakusomea, anakupa nakala yako. Usitoke bila nakala yenye muhuri na tarehe. Wana siku ishirini na moja za kukujibu. Wakikaa kimya zikipita, sheria inahesabu kwamba wamekataa. Hapo unapeleka malalamiko kwa hakimu mkuu. Kama kuna ada, lipa benki, uchukue risiti. Usimtilie mtu kitu mkononi."

"Na wewe unataka nini kwangu?" aliuliza Rukiah ghafla.

Abwola akacheka. "Chapati isiyoungua, basi."

"Hutaki kuona mkataba wangu?"

Kicheko kikakatika. "Nani anautaka?"

Rukiah akainama kugeuza chapati.

"Sikiliza, mama. Usimpe mtu mkataba wenyewe. Nakala, sawa. Anayetaka ule wenyewe, mwogope. Akienda nao, ataweza kukiuza kibanja chako huku wewe unapika maharage."

"Basi twende wote divisheni."

"Mimi siendi. Nikienda nawe, kesho utasema nimenunuliwa. Nenda na mume wako. Na usiulize mambo mengi kwa pamoja. Usiseme unataka habari zote za mfereji. Taja zoni yenu. Uliza mfereji unaishia wapi, na nyumba zipi zimewekewa alama."

Ijumaa Asuman alikuja baada ya swala, kofia nyeupe kichwani.

"Mkataba uko kwa mama mkwe wangu, Bombo," alisema Rukiah. Uongo ulimtoka kirahisi mpaka akajishangaa. "Tumemtuma mtu."

Tabasamu la Asuman likapungua. "Fanya haraka. Wabomoaji hawangoji watu wa Bombo."

Jumatatu Rukiah na Wahabi walikwenda ofisi ya divisheni. Wahabi alikuwa amevaa shati la Idi, na bado alitoka jasho. Mapokezi waliuliza wanamtaka nani.

"Anayeshughulikia maombi ya habari," alisema Rukiah.

"Mnatoka chama gani?"

"Tunatoka Kalerwe."

Walionyeshwa chumba cha mwisho. Afisa alikuwa mwanamume mwenye miwani. Rukiah alisema kwa Kiswahili chake, na afisa akaandika kwenye fomu. Rukiah aliyafuata macho yake muda wote, maana hakumwamini hata kidogo. Alipomaliza kuandika, Rukiah akamwambia, "Nisomee, mwanangu." Afisa akamsomea. Rukiah akamrekebisha jina la zoni. Kisha muhuri ukagongwa, na nakala ikaingia kwenye mkoba wake.

"Umeona?" alimwambia Wahabi nje. "Hakuna aliyetula."

"Bado hawajajibu," alisema Wahabi.

Kusubiri kulikuwa kazi. Asuman alipita mara kwa mara, na kila mara mama mkwe wa Bombo alipata ugonjwa mwingine. Ayaa naye alipita kichwa chini. Rukiah alimtazama mgongoni na kusema moyoni, siku yako yaja.

Katika juma la tatu simu ililia. Jibu lilikuwa tayari. Walikwenda, na afisa akawasomea barua, kisha akawafungulia ramani mezani.

"Mfereji huu hapa. Upanuzi unaishia daraja la chini. Haufiki kwenu. Katika zoni yenu hatukuweka alama nyumba hata moja."

"Lakini ipo! Nimeiona kwa macho yangu!"

"Haikutoka kwetu, nyabo. Kwa mradi huu, kila mwenye nyumba iliyowekewa alama alipewa barua, na mwenyekiti wa LC, yaani wa baraza la mtaa, akajulishwa. Mwenyekiti wenu anajua?"

Mwenyekiti hakujua. Mwenyekiti angejuaje? Alama ilikuwa nyuma ya nyumba, na Rukiah aliifunika kabla jua halijapanda. Asubuhi ile hakumwambia mtu ila Wahabi. Wahabi naye hakusema. Hata hivyo, adhuhuri ile ile, kuna mtu aliyekuja na kusema, "ile alama karibu na bomba."

"Wahabi," alisema, na sauti ilikuwa nyembamba. "Asuman aliionaje?"

Hakungoja jibu. Safari nzima alikuwa ameishika ile barua kifuani. Walipofika, alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Ayaa, akagonga.

"Mama Opio! Fungua. Ni mimi."

Ayaa alifungua kidogo. Rukiah akamweleza yote pale pale, mlango ukiwa nusu wazi. Alipotaja X nyekundu, Ayaa alishika fremu ya mlango. Alipotaja Asuman, alikaa chini sakafuni.

"Mimi pia nilikuwa nayo," alisema Ayaa. "Kabla yako. Aliifuta yeye mwenyewe kwa rangi nyeupe."

"Na mkataba wako?"

"Anao yeye."

"Na wale watu wenye futi?"

"Aliniambia ni watu wa serikali."

Wahabi alijishika kichwa. "Banange! Wale ni wanunuzi!"

"Mbona hukuniambia?" Rukiah alilia kwa hasira, na hasira nyingi ilikuwa ya nafsi yake. "Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

Ayaa alimtazama kwa macho mekundu. "Alisema nisiseme. Alisema ni wewe uliyepeleka jina langu. Mara sahani yangu ikarudi tupu, nikajua ni kweli."

Rukiah alikaa sakafuni karibu naye, akamshika mkono.

Lakini machozi hayarudishi kibanja. Jioni hiyo hiyo walikwenda wote watatu kwa mwenyekiti wa LC. Mwenyekiti alikuwa shahidi Ayaa aliponunua kibanja, na nakala ya mkataba bado alikuwa nayo. Alisoma barua ya divisheni mara mbili.

"Kuna mtu ameniomba nigonge muhuri kwenye mauzo ya kibanja cha Mama Opio keshokutwa," alisema. "Aliniambia mama mwenyewe amehamia Gulu."

"Mimi? Gulu?" alisema Ayaa. "Nimehama lini?"

Walikwenda polisi pamoja na mwenyekiti, wakiwa na barua yenye muhuri na ile nakala. Kesho yake Rukiah alimpigia Asuman simu, sauti tamu kama ya mtu aliyekwishakata tamaa. Mkataba umefika kutoka Bombo, alisema. Njoo ule kikomando.

Asuman alikuja mbio. Akaketi, akaweka mkoba wake mezani.

"Umefika?"

"Umefika," alisema Rukiah. "Na wageni wengine wamefika pia."

Mwenyekiti na askari wawili walitoka ndani. Mkataba wa Ayaa ulipatikana mle mle mkobani, pamoja na mikataba ya watu wengine wa Kalerwe. Asuman alianza kusema kwamba yeye ana mtu ndani. Askari mmoja akamwambia sasa naye ataingia ndani, akamtafute huko huko.

Wiki ile Wahabi alinunua rangi ili aifute X. Rukiah alimzuia. Aliondoa ule mkeka pia. "Iache wazi," alisema. "Nilipoificha ndipo iliponitesa." Tangu hapo, jirani akiletewa habari za kunong'onezwa, Rukiah humpeleka nyuma akaione. Kisha humuuliza swali moja tu: umekwenda divisheni kuuliza?

Lakini jambo moja lilikuwa halijakwisha. Asubuhi moja Ayaa alisimama mbele ya kibanda, katikati ya vijana wa bodaboda. Mkononi alikuwa na sahani tupu. Rukiah aliitambua mara moja, na uso ukamwaka kwa aibu.

"Hii ilirudi kwangu haina kitu," alisema Ayaa kwa sauti, wote wakisikia. "Nimeirudisha ijazwe."

Vijana wakacheka. Rukiah hakucheka. Alichagua chapati zilizokuwa bado moto, akazipanga mpaka sahani ikafurika, na machozi yakamdondoka juu ya unga. Kisha wateja wakaanza kulalamika kwamba wanacheleweshwa, naye akawaambia waende wakale kwa mama zao.