Kijana Wangu Alicheka Matangani

Kila asubuhi Jared alimpelekea nyanya yake uji. Hawakuongea sana. Nyanya alikunywa, Jared naye akakaa mlangoni kutengeneza simu za watu. Jared ni mwanangu wa kwanza. Ana miaka ishirini na saba. Hapa Magunga, simu ikifa inapelekwa kwake.

Lakini watu walimnung'unikia. Hasalimii mtu kwa mkono. Akiongea na wewe anaangalia ukuta. Ukibadilisha mpango bila kumwambia, anatembea huku na huku mpaka jasho limtoke. "Huyo ni jasunga," walisema, yaani mtu wa kiburi. Mimi nilisema ni haya tu, akioa itaisha.

Nyanya alikufa mwezi wa nane. Siku ya mazishi boma lilijaa. Spika kubwa zilikuwa karibu na jeneza. Wamama walilia, mhubiri naye akapaza sauti kwa maikrofoni. Nikaona Jared ameziba masikio, anayumba mbele na nyuma. Halafu akacheka. Alicheka kwa nguvu, akashindwa kunyamaza.

"Anacheka maiti ya nyanyake," mtu akasema.

"Si huyo ndiye alikuwa anampa uji?" mwingine akajibu. "Ulikuwa uji gani?"

Nilimkimbilia. Kabla sijafika, vijana walikuwa wamemlaza chini na kumfunga mikono kwa kamba ya kuteremshia jeneza. Bado alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. Kijana mmoja aliokota jiwe.

"Weka hilo jiwe chini." Alikuwa Beverlyne, mhudumu wa afya wa kijiji chetu. "Wewe mtoto wa Nyamongo, nakujua. Zimeni spika hizo. Mfungueni huyu."

Alikaa chini karibu na Jared, hakumgusa. Kelele ilipoisha, kicheko nacho kikaisha pole pole.

Jioni shemeji yangu James, mkubwa wa boma, akaja.

"Mama Jared, kijana ana pepo. Jumapili nampeleka nyumba ya maombi. Huko wanawafunga mpaka pepo itoke."

Beverlyne alikuwa bado hajaondoka. Yeye ndiye aliyejibu.

"Mzee James, wakimfunga tena, huenda utamrudisha kwa jeneza. Wacha kwanza aonwe na daktari Homa Bay. Jumapili haiendi popote."

James alikubali, lakini kwa shingo upande.

Homa Bay tulimpata daktari Nyanchoka. Alianza na mimi. Jared alianza kuongea lini? Alicheza vipi na wenzake? Nikamwambia alichelewa kuongea, na alipenda kupanga mahindi kwa mstari. Ukihamisha moja, analia mpaka jioni.

Kisha akamgeukia Jared. "Kwa nini ulicheka?"

"Kelele ilijaa kichwani," Jared akasema. "Mwili ukacheka wenyewe. Mimi nilikuwa nataka kulia."

Nilishtuka kuliko siku ile ya kamba. Kijana wangu alikuwa anamlilia nyanya yake, na sisi tukamfunga.

"Naona dalili za usonji," daktari akasema. "Ni ubongo kufanya kazi kwa namna tofauti, na mtu anazaliwa nao. Si pepo, si laana. Kupima hakuishi siku moja, mtarudi. Lakini asifungwe na mtu yeyote."

"Dawa yake ni gani, daktari?"

"Hakuna dawa ya kuuondoa. Anayekuuzia anakudanganya. Kuna msaada. Mwambieni mapema mambo yanayokuja. Kelele ikizidi, aende mahali kimya. Asilazimishwe kushikwa."

Jumapili James alifika mapema. "Daktari amesema nini?"

"Usonji," nikamjibu.

"Sunga? Hicho kiburi tulikijua bila daktari."

"Si sunga, baba mkubwa," Jared akasema, akiangalia ukuta. "U-so-nji. Jasunga hataki kukusalimia. Mimi nataka, lakini mkono wako unaniuma."

"Unauma vipi?"

"Kama kushika sufuria moto."

James aliuangalia mkono wake. "Si ungesema."

"Hakuna mtu aliuliza."

James akatoa simu mfukoni. Akapiga nyumba ya maombi, akawaambia wasimngoje mtu.

Tulirudi Homa Bay mara kadhaa, mpaka daktari akathibitisha. Sasa Jared ana kibanda chake mbali na kelele za kinu cha kusaga, na wateja wanamfuata huko. Sokoni bado wako wanaosema ovyo. Beverlyne anawafundisha, nami pia.

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto wa namna hii, hata kama ameota ndevu, usikubali mtu amguse kwa kamba. Muulize mwenyewe anasikia nini. Kisha mpeleke hospitali. Wangu aliponea chupuchupu.

Siku hizi James akipita asubuhi anasimama mlangoni, mikono ameiweka nyuma, anamsalimia kwa Kijaluo.

"Jared, oyawore."

"Oyawore ahinya, baba mkubwa," Jared anaujibu ukuta, na James anaenda zake akitabasamu.