Ukurasa wa Pili wa Barua

Kila Jumamosi mimi na baba tulipanda kilimani kusomba mawe ya kujengea nyumba yetu. Baba ni fundi mwashi. Amewajengea watu nusu ya kijiji, na sisi wenyewe tunapanga vyumba viwili vinavyovuja. Kiwanja chetu kilikuwa juu kabisa, mahali unapoliona bonde lote na mto wake.

Baba hakupata kusoma, kwa hiyo barua za nyumbani nilizisoma mimi. Siku ilipofika barua ya ofisi ya ardhi, wenzangu walikuwa wananingoja uwanjani. Niliusoma ukurasa wa kwanza mbio mbio.

"Wanasemaje, Profesa?" baba akauliza.

"Wanasema ardhi itabaki kuwa mali yako."

"Si nilijua! Nani aninyang'anye?" Alicheka mpaka akakohoa. "Umeisoma yote?"

"Yote, baba," nikasema, nami nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Tukachimba msingi. Miezi miwili baadaye, mawe yakiwa yamefika magotini, alikuja afisa wa ardhi, mama mmoja mpole mwenye faili kwapani.

"Mzee, kilima hiki kinahifadhiwa kwa sababu ya mandhari yake. Ardhi ni yako, utailima na kuirithisha. Kujenga ndiko kumekatazwa. Barua ilikupa siku thelathini za kupinga au kudai fidia. Mbona hukuja?"

"Yangu, lakini nisijenge? Sasa ni yangu kivipi, mama?"

 Afisa alisema tu kwamba muda umepita, na kwamba msingi uondolewe ndani ya wiki mbili.

Baba alinigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Sikuusoma ukurasa wa pili," nikasema huku nikilia.

Alikwenda ofisini mara tatu, na mara tatu akarudishwa. Jumamosi iliyofuata tulipanda tena kilimani, safari hii kung'oa mawe. Baba hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

"Huenda wangenikatalia hata ningewahi," alisema hatimaye. "Wenye nguvu wana masikio yao, husikia wanayotaka. Lakini ilikuwa haki yangu kusimama mbele yao niseme. Ungeniambia hukumaliza kusoma, ningemwomba mtu mwingine. Uvivu ni kosa, mwanangu, lakini una dawa. Uliposema 'yote', ulinifunga mdomo bila mimi kujua."

Akanipa jiwe nibebe. Kiwanja kingine hatuna.