Maji Yaliyopita Bila Bomba

Maji yalikatwa mtaa mzima, lakini nyumbani kwa Spana yaliendelea kupita ukutani: shuuu, shuuu. Majirani walimtania, mganga hajigangi. Fundi bomba huyo akashika nyundo, akabomoa ukuta mchana kweupe. Mabomba yalikuwa makavu, ila vumbi lilinuka damu mbichi.

"Acha, mdogo wangu," dada yake alisema kitandani. "Sauti inatoka kwangu."

Dada huyo, mshonaji wa nguo, ndiye aliyemlea Spana, na sasa alikuwa anamponyoka. Miguu ilimvimba, midomo ilijaa vidoa vyekundu, na damu ya pua haikukauka, vilevile kama marehemu baba yao. Daktari alisema ni ugonjwa wa kurithi: mishipa imeungana vibaya ndani ya ini, damu inakimbilia njia ya mkato, na moyo umechoka kuisukuma. Mganga, mama mmoja mkali, alisema ni jini la ukoo. Spana aliona wote wanaeleza uvujaji uleule.

Mganga alipofukiza ubani, damu ilimruka dada puani ikapiga ukuta. Yeye, ambaye asubuhi alishindwa kuinua kikombe, alimkamata mganga shingo, akambamiza kwenye matofali, akambamiza tena, na ile sauti ikapanda shuuu shuuu shuuu mpaka vioo vikapasuka na Spana akaanguka magotini, damu ya moto ikimtiririka usoni, huku kicheko kizito cha kiume kikitoka tumboni mwa dada yake.

"Mzibe mdomo!" mganga alikoroma. "Nitalinyonga humohumo!"

"Hapana! Ukiziba bila kutoa njia, bomba linapasuka!" Spana aliijua kazi yake. Akamkumbatia dada yake, akaachama mdomo. "Mwachie dada! Njoo kwangu, pita hapa!"

Kicheko kilikatika.

"Kwako?" jini liliuliza, kwa mshangao wa kweli. "Kwako nilishahamia siku uliyozaliwa."

Moyo wa dada ukapiga kishindo, ukanyamaza. Spana alilia kama mtoto.

"Limetoka, mwanangu," mganga alinong'ona, akijifuta damu. "Pole sana. Yamekwisha."

Shuuu, shuuu.

Spana alitega sikio kifuani kwa dada yake. Kimya. Akatega ukutani. Kimya.

"Mama," alinong'ona, "mbona bado naisikia?"

Mganga alikuwa ameshafika mlangoni, anarudi kinyumenyume, macho kwenye tumbo la Spana.