Mita Nne na Nusu

"Wafanyabiashara na wateja wote wa soko hili wanaarifiwa kwamba meza iliyojulikana kama namba kumi na nne itajulikana, kuanzia saa nne asubuhi ya leo, kama namba kumi na nne A."

Kipaza sauti kilirudia tangazo mara tatu, ingawa hakuna aliyeuliza. Ulikuwa mwezi wa Julai, na Nyeri haikuwa imeliona jua kwa siku kumi na moja. Ngendo, mtafiti wa chuo kimoja cha ufundi, alizunguka kati ya mitumba na vitunguu akiisaka namba kumi na nne, alikoelekezwa kununua birika. Alivaa koti la sufu la kijani na viatu vyeupe ambavyo tope lilikuwa limekwisha kuvihukumu. Alisimama mbele ya kijana mwenye koti la buluu lililotobolewa na cheche, aliyekuwa akisokota waya kwenye spoku ya baiskeli.

"Madam, umepotea ama umefika?"

"Natafuta namba kumi na nne. Ya mabirika."

"Muuza mabirika alihama. Mimi ndio niko. Naitwa Wamae."

Ngendo alisahau birika. "Hiyo ni koili?"

"Ya jiko ya stima. Ati hujawahi kuona, na unakaa kama msomi hivyo?"

Alikuwa ameiona, tena aliihitaji. Jaribio lake lilikuwa sanduku la mbao lenye koili chini na trei za kahawa juu. Waya huukinza umeme, ukinzani huzaa joto, na joto lingekausha kahawa ambayo wakulima wa Othaya huiona ikiota ukungu kila msimu wa baridi.

"Nataka mita sita kamili," alisema.

"Kamili? Wewe ungeolewa na fundi wa nguo."

Hakumweleza kwa nini. Wasomi huamini kwamba neno "kamili" hujieleza lenyewe.

Kufikia wiki ya pili walikuwa wakipigiana simu kila mchana.

"Umekula, mpenzi?" Wamae angeuliza.

"Nimekula."

"Nini?"

"Maswali yako."

Wiki ya tatu Ngendo alikuwa Kerugoya kwenye mazishi ya shangazi yake. Msaidizi wa maabara akamjulisha kwamba koili imekatika. Jaribio likisimama siku nzima, mwezi wote ungehesabiwa bure, na mkataba wake ulikuwa ukingoni.

"Wamae wangu, iwashe leo, tafadhali. Nimekuombea ruhusa langoni mwa chuo."

"Kwa sababu yako ningewasha hata Mlima Kenya."

"Washa sanduku tu."

Alifanya kama mafundi wote wa soko lile wafanyavyo: alikata sehemu iliyoungua, akaivuta iliyobaki, akazisokota ncha. Koili ilikatika mara mbili zaidi, naye akaitengeneza vivyo hivyo mara mbili zaidi. Hakumwambia Ngendo, kwa kuwa mgeni haelezwi sufuria imezibwa mara ngapi.

Kahawa iliyokuwa ikikauka kwa saa kumi na nne ikakauka kwa tisa. Dkt. Waweru, mwenyekiti wa kamati ya utafiti, aliyaita matokeo hayo ya kihistoria. Ngendo alitia sahihi ripoti: mita sita.

Ndipo siku moja alipoona mbao za ndani zimegeuka rangi ya chai ya rangi. Alipima waya. Mita nne na nusu.

"Waya ukifupishwa, umeme unapita mwingi zaidi!" alimwambia Wamae pale mezani, mbele ya wateja. "Umetengeneza moto, si kikausho."

"Uliniambia iwake. Iliwaka."

"Ungeniuliza!"

"Nikuulize na Kiingereza gani? Sema tu unaonea aibu fundi wa sokoni."

Ngendo aliondoka. Hawakupigiana simu tena, na Ngendo hakuiambia kamati lolote. Aliyaita maumivu yake heshima. Woga hupenda jina hilo.

Wiki iliyofuata sanduku lilipelekwa katika kiwanda cha kahawa kule Othaya, likakabidhiwa kwa mwanamke mwenye uzoefu. Ngendo alisoma jina lake kwenye hati ya makabidhiano, akaona ni la ukoo wa Wamae, akapiga simu.

"Wamae, mama yako ndiye anayeanika kahawa kiwandani?"

"Usiniambie, Ngendo."

Kesho yake walikutana nje ya chumba cha kamati. Wamae alikuwa amevaa suti ya kaka yake, mikono ikimfikia nusu ya viganja.

"Wakikufukuza?"

"Watanifukuza."

"Basi nitakuoa kabla hujapata kazi ingine ukanisahau."

"Hilo ni ombi au tishio?"

"Ni zote mbili."

"Nimekubali zote mbili," alisema Ngendo, akaukamata mkono wake, wala hakuuachia hata mlango ulipofunguliwa.

Ngendo alieleza kila kitu. Wamae alisema, "Mimi ndio nilikata." Wakatolewa nje kwa saa mbili, na Wamae akampigia mama yake.

"Maitu, zima hiyo sanduku."

"Nizime na hii baridi?" Kicheko chake kilisikika hadi kwa Ngendo. "Nimeiegemeza mgongo hapa. Nimeambiwa hakuna kuzima bila barua. Hata inanukia, kama mkate."

Waliitwa ndani. Dkt. Waweru alivaa miwani, akasoma:

"Kamati, baada ya kuyazingatia maelezo yote kwa makini, imeamua kwamba majaribio ya Othaya yaendelee kama yalivyopangwa, na kwamba katika ukurasa wa saba wa ripoti, maneno 'mita sita' yasomeke 'takriban mita sita'."