Tamthilia Kutoka Kwenye Chenga

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, darasa la sita walimwagilia bustani ya shule. Ndiyo ilikuwa zamu yao mwaka ule wa 2014: kila mwanafunzi ndoo mbili, kutoka bombani hadi kwenye matuta ya mchicha na chainizi. Kila mwanafunzi, isipokuwa Yasmini. Yeye aliipindua ndoo yake, akaikalia, akaanza kusimulia.

Alisimulia tamthilia ya saa moja jioni. Nyumbani kwao, nyuma ya soko la Kibondo, kulikuwa na dishi juu ya bati na king'amuzi cha kulipia kila mwezi. Darasa zima hakuna mwingine aliyeipata stesheni ile. Kwa hiyo wenzake waliijua hadithi yote kwa mdomo wake: jinsi Mama Tabita alivyopotezana na binti yake Neema wakati wa vita, na jinsi anavyozunguka mji hadi mji akimtafuta.

"Akagonga mlango," Yasmini alisema, macho yake yakitazama mbali, juu ya ukungu uliolala mabondeni. "Akagonga tena. Ndani kukasikika hatua za mtoto..."

"Halafu?" wote wakauliza.

"Halafu ikaisha. Mpaka kesho."

Walimzomea, wakacheka, wakarudi bombani. Aliyembebea maji alikuwa rafiki yake Aline. "Wewe sema tu, ndoo zako niachie mimi," Aline alikuwa akimwambia, naye alikuwa na sababu yake. Kila jioni, wakipukuchua maharage, alimsimulia bibi yake kila neno alilolisikia. Bibi Kezia alitoka Burundi akiwa msichana mdogo, akawa Mtanzania, akalima na kuzeeka hapa hapa Kibondo. Macho yake sasa hayakuona vizuri, lakini hadithi ya Neema hakukubali ipite siku bila kuisikia.

Mama yake Yasmini alikuwa fundi cherehani, mwanamke asiyezungusha maneno. Jumapili moja aliiweka ripoti ya shule juu ya meza, karibu na mkasi.

"Ulikuwa wa tatu. Sasa wa ishirini na moja. Mwalimu anasema ukiwa darasani unatazama dirishani kama mtu anayesubiri basi. Tunalipia stesheni sabini, tunatazama moja, na hiyo moja inakula masomo yako. Mwezi huu silipi."

"Mama! Wiki hii ndiyo Neema anapatikana!"

"Basi atapatikana bila wewe."

Siku hiyo hiyo alikuja Fundi Ildefonsi na antena ya kawaida na mti mrefu wa mkaratusi. Alichimba shimo pembeni ya nyumba, akausimamisha mti, akaanza kuuzungusha taratibu huku Yasmini akichungulia televisheni na kupiga kelele dirishani.

"Vipi?"

"Chenga tupu, hakuna picha!"

"Na sasa?"

"Bado chenga!"

Fundi akauzungusha kuelekea jua linakozama. Ghafla, katikati ya zile chenga, wakatokea wapiga ngoma waliobeba ngoma zao vichwani, na sauti ya mwanamke ikasema maneno yaliyofanana na Kiha, lakini si Kiha. Yasmini akasahau kupiga kelele. Picha ilikuja na kuondoka, kama watu wanaotembea kwenye mvua.

"Wee binti, umelala?"

"Kuna kitu, Fundi! Wanaongea kama sisi, lakini si sisi."

"Hiyo ni Burundi. Milima haina mpaka," fundi akacheka. "Mama yako anataka habari za kwetu." Akauzungusha mti tena mpaka akatokea msomaji wa taarifa ya habari, uso una chenga kidogo lakini maneno yanasikika. Mama akasema inatosha. Stesheni ya tamthilia haikuwepo. Alipoulizwa na binti yake kuhusu kuitafuta kwenye simu, Mama alimwonyesha kiduara kinachozunguka kwenye kioo bila kuleta picha. "Huu mtandao wetu ukipanda mlima unachoka."

Jumatatu asubuhi wenzake walikuwa wameshakaa kuizunguka ile ndoo. Yasmini alifungua mdomo kusema dishi limekatwa. Akamwona Aline, mikono imelowa, amesimama na ndoo mbili akisubiri. Akamwona na Twalibu, mvulana wa dukani asiyependa kusadiki kitu, amekunja mikono.

"Mlango ukafunguliwa," Yasmini akasema.

Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Jana jioni, Mama alipotoka, alikuwa ameigusa antena kidogo na kuzitazama zile chenga mpaka akaanza kuona vitu ndani yake: mto, mtumbwi, msichana mwenye kitenge kichwani. Sasa vitu hivyo vilitoka mdomoni mwake vyenyewe. Jumanne, Neema alivuka mto. Jumatano alilala shambani kwenye mihogo. Wasichana wawili walilia. Hata mwalimu wa zamu alisimama karibu na uzio akajifanya anafunga kamba za viatu.

Alhamisi, Twalibu akainua mkono kama yuko darasani. "Samahani, mtangazaji. Binamu yangu yuko Kasulu, na kwao wanalo dishi. Nimeongea naye jana kwa simu. Anasema huyo Neema hajavuka mto wowote."

Maji yalisikika yakidondoka bombani.

"Binamu yako anatazama mwanzo, halafu analala," Yasmini akajibu haraka. Watu walicheka, lakini Twalibu hakucheka. Yasmini alitafuta kitu kizito cha kuubana uongo wake usipeperuke, akakipata. "Hata tangazo la mwisho hakulisikia. Walisema yeyote aliyepotezana na ndugu yake wakati wa vita apeleke jina kwenye ofisi yao Kasulu. Litasomwa kwenye televisheni, nchi zote zisikie. Tangazo lilikuwa na mhuri, nimeuona kwa macho yangu."

"Mhuri?" Twalibu akauliza.

"Wa bluu."

Twalibu akaokota ndoo yake, akaenda bombani. Yasmini alihesabu kwamba ameshinda.

Ijumaa Aline hakuja bustanini. Alitokea mchana, saa ya kwenda nyumbani, anahema na anang'aa usoni kama mtu aliyepewa zawadi.

"Bibi anakwenda Kasulu! Kesho, basi la kwanza. Amemuuza mbuzi wake apate nauli."

"Kufanya nini?"

"Kupeleka jina! La dada yake, Niyitegeka. Walishikana mikono wakivuka mto Malagarasi, mwaka sabini na mbili. Mkono ukaponyoka. Bibi alikuwa na miaka kumi na miwili, kama sisi." Aline akamshika Yasmini mabega. "Jana usiku Bibi hakulala. Amepiga pasi kitenge chake. Yasmini, kama si wewe, tungelijuaje tangazo lile?"

Yasmini alitaka kusema. Maneno yaliyomjia bila kuitwa wiki nzima sasa hayakuja hata moja. Alitikisa kichwa tu, akaenda nyumbani, na njia nzima kila kitu kilionekana kama kiko nyuma ya chenga: soko, baiskeli za ndizi, watu wanaomsalimia.

Jioni alikaa mbele ya televisheni bila kuiwasha. Mama alisimamisha cherehani.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi umefanya kitu. Sema."

Akasema yote. Ndoo, mto, mhuri wa bluu, mbuzi. Mama alisikiliza bila kumkatiza, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kufokewa. Mwishowe Mama alifunika cherehani kwa kitambaa.

"Mimi sitakusemea. Uliyesema ni wewe, utakayesema tena ni wewe. Nitakuamsha kabla ya adhana."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka stendi haikuonekana, ilisikika tu: injini ikiunguruma, kuku wakilalamika ndani ya matenga, konda akiita, "Kasulu! Kasulu!" Walimkuta Bibi Kezia ameshakaa dirishani, kitenge chake kimenyooka, kijifurushi mapajani. Aline alikuwa chini akimpungia mkono.

Yasmini alipanda ngazi za basi. Mama alibaki chini.

"Mwakeye, Bibi," alimsalimu kwa Kiha.

"Ego, mwana wanje! Mwanangu, umekuja kuniaga?" Bibi Kezia akaushika mkono wake. "Unisaidie. Huko ofisini nikifika, nimuulize nani?"

Abiria wa kiti cha nyuma walikuwa wakitazama. Yasmini alitamani ukungu uingie ndani umfunike.

"Hakuna ofisi, Bibi. Hakuna tangazo. Nyumbani tumeacha kulipia dishi tangu Jumapili, mimi sijaona kitu. Mto nimeutunga. Mhuri nimeutunga. Nilikuwa naogopa Twalibu ataniumbua."

Mkono wa Bibi Kezia haukumwachia, ila ulilegea. Konda akachungulia. "Bibi, unasafiri au unashuka? Gari linaondoka."

"Mimi nimeuza mbuzi," Bibi Kezia alisema polepole, "kwa kitu ulichokiota."

Yasmini alilia. Hakusema samahani mara moja, alisema mara nyingi, na hakuna aliyezihesabu. Bibi Kezia alichukua kijifurushi chake, akashuka akimshikilia Yasmini bega kwa sababu hakuziona ngazi vizuri. Chini, Aline alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirishani.

"Ndoo zako nilibeba," Aline akamwambia. "Kila siku nilibeba." Akamgeuzia mgongo.

Mama hakupoteza muda. Alimrudishia konda tiketi, akabishana naye kidogo, akarudi na nauli ya Bibi Kezia. Kutoka stendi walikwenda moja kwa moja kwa mnunuzi wa mbuzi. Mnunuzi alisema biashara imekwisha. Mama akasema haijaisha mpaka mbuzi achinjwe, naye bado anakula majani pale pale mbele yao. Waliafikiana: mbuzi arudi, fedha zirudi, na Mama amshonee mke wa mnunuzi gauni bila malipo. Yasmini naye atamkatia mbuzi wa Bibi Kezia majani kila siku baada ya shule, kwa mwezi mzima.

"Na hilo jina la dada yako," Mama alimwambia Bibi Kezia wakiwa njiani, "televisheni hailisomi. Lakini hapa mjini wapo watu ambao kazi yao ni kuwatafuta ndugu waliopotezana. Wanaandika jina na kijiji, wanauliza ng'ambo. Jumatatu nitakupeleka. Siwezi kukuahidi kwamba atapatikana. Nakuahidi kwamba litaandikwa."

"Tangu nivuke," Bibi Kezia akasema, "hakuna aliyewahi kuliandika."

Jumatatu asubuhi, mbele ya darasa zima, Yasmini alieleza kwamba wiki nzima aliwadanganya. Twalibu alisema, "Nilijua! Eti mhuri wa bluu!" na watu wakacheka, na hakuna aliyekaa kumsikiliza. Alibeba ndoo zake mbili mwenyewe. Zilikuwa nzito kuliko alivyofikiri. Siku ya tatu, Aline alipita karibu yake akasema bila kumtazama, "Shika kwa kubadilisha mikono, vidole visikukate." Yasmini akabadilisha mikono.

Siku hiyo, baada ya kumpelekea mbuzi majani, alimwomba Bibi Kezia na Aline waje nyumbani. Mama, aliyekuwa amempeleka Bibi Kezia kuandikisha jina Jumatatu kama alivyoahidi, aliwaandalia chai na viazi vitamu. Yasmini alitoka nje, akaukumbatia ule mti wa mkaratusi, akauzungusha pole pole kuelekea jua linakozama.

"Vipi?"

"Chenga!" Aline akajibu kutoka dirishani. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia kwa sauti yake ya zamani.

"Na sasa?"

Aline hakujibu. Yasmini alipoingia ndani, alimkuta Bibi Kezia amesogeza kiti mpaka karibu na kioo. Ngoma zilikuwa zikilia, na baadaye mwanamke mmoja akasoma habari za mvua na mavuno ya kahawa. Bibi Kezia hakuweza kuiona picha. Aliinamisha kichwa, akawa anarudia maneno kwa sauti ya chini, moja moja, kama mtu anayepokea vitu vyake alivyosahau mahali.

Umeme ulipokatika, wakabaki katika mwanga wa dirishani. Mama alimtazama binti yake.

"Yasmini, kutunga hadithi si kosa, na wewe unaweza kutunga. Kosa ni kumwambia mtu umeona wakati hukuona. Anayekuamini huwa anakwenda kufanya jambo. Anauza mbuzi, anapanda basi. Kwa hiyo ukitunga, sema umetunga. Anayetaka kusikiliza atasikiliza."

"Sawa, Mama."

Bibi Kezia akaweka kikombe chini, akajifunga kitenge chake vizuri.

"Haya, mwana wanje. Yule msichana mtoni, alivukaje?"

Yasmini alimtazama Aline. Aline akasogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi.

"Hii natunga, Bibi."

"Najua," Bibi Kezia akasema. "Tunga."