Betri Aliyoifunga Yusta

Siku ya gulio pale Soni, mwaka wa tisini na tatu, gari jekundu lilizima katikati ya matenga ya kabichi na kuziba njia ya malori yateremkayo Mombo. Dereva wake, kijana mrefu aliyevaa jaketi la ngozi, na miwani ya jua mahali penye ukungu, alishuka akaulizia duka la betri. Wakamwonyesha la Yohane. Aliyemkuta ndani ni Yusta, mdogo wake Yohane, gauni lake limejaa vitundu vya asidi.

Yusta alifunua boneti, akatazama mara moja, akacheka.

"Nani kakuuzia hii?"

"Jamaa wa Tanga. Kasema haiishi chaji upesi."

"Hakukudanganya. Ni ya sola, ya taa za nyumbani. Inatoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Injini iliyoongezwa nguvu hivi inataka betri ya kuwashia, inayotoa mwingi kwa mkupuo."

"Na redio yangu kubwa?"

"Chagua, kaka. Unataka gari liimbe au liondoke?"

Akachagua liondoke, ila yeye mwenyewe hakuwa na haraka ya kuondoka.

Jina lake Silvano, mzaliwa wa Shume anayeishi Tanga. Gari lile alilitoa Dubai, kama wengi walivyoanza kufanya milango ya biashara ilipofunguliwa, na injini aliichokonoa mwenyewe ili ashindane katika mbio za magari. Tangu siku ile hakukosa sababu ya kupanda Soni: leo maji ya betri, kesho waya. Katikati ya wiki alipiga simu dukani. Yohane akipokea, aliulizia spea. Yusta akipokea, alimwita "fundi wangu". Kufika Pasaka, wazazi wa Silvano walikuwa wameshaleta posa, nayo ikapokewa.

Mwezi wa saba yakatangazwa mashindano ya magari kuanzia Shume. Tajiri mmoja wa Dar es Salaam aliahidi kwamba mshindi ataendesha gari la tajiri huyo katika mashindano ya Kenya na Zambia kwa miaka miwili. Silvano alimweleza mchumba wake macho yakimng'aa, asimuulize anaonaje. Yusta akampongeza. Moyoni alimwaza dada yake mkubwa, aliyemngoja mchumba aliyekwenda Nairobi hadi alipotumiwa picha ya harusi, bibi harusi akiwa mwingine.

Siku moja kabla ya mashindano Silvano alikuja kuchukua betri mpya.

"Nichagulie wewe," alisema. "Kwa betri, namwamini fundi wangu tu."

Rafuni zilikaa betri mbili za umbo moja, ya kuwashia na ya sola. Yusta alijua magari yatalala ndani ya uzio, hakuna kuyagusa hadi asubuhi, na litakalosukumwa ili liwake litatolewa mashindanoni. Alijua pia baridi ya Shume. Injini ikiwa moto, hata betri ya sola ingeizungusha. Ikishalala kwenye baridi ile, isingeiweza. Alibandua karatasi ya jina kwenye betri ya sola, akaifunga betri hiyo garini kwa mikono yake. Silvano alipogeuza ufunguo injini iliitika, naye akamgusa shavu, akaondoka akipiga honi.

Asubuhi Yusta alipanda Shume kwa lori. Watu walisimama wamejifunika mablanketi, magari yakiwaka moja baada ya jingine. La Silvano lililalama mara mbili, likanyamaza. Msimamizi akampungia bendera asogee kando. Silvano alibaki ndani, ameegemeza kichwa kwenye usukani, na Yusta hakuthubutu kumwendea.

Alasiri Silvano aliingia dukani amebeba betri, akaitua mezani mbele ya wateja. Alimwambia Yohane kwamba amemuuzia takataka, na kwamba habari hiyo ataifikisha hadi Mtae. Yohane, ambaye hakuwahi kumpunja mtu, aliigeuza betri akitafuta karatasi yake ya jina. Yusta angeweza kunyamaza.

"Mwache kaka yangu," alisema. "Ni mimi. Hiyo ni ya sola. Nilijua haitawasha."

Silvano aliiacha betri, akamgeukia. "Kwa nini, Yusta?"

"Niliogopa utakwenda usirudi."

Hakumtukana. Alitoka, na wiki ya pili wazazi wake wakatuma mtu kusema uchumba umekwisha. Yusta alimwandikia Silvano barua tatu.

Mwezi wa kumi na moja akapata ujumbe wa Silvano kwamba Jumamosi saa nne asubuhi atampigia simu Posta ya Lushoto, si dukani kwa Yohane. Alivaa gauni la maua ambalo Silvano alilipenda, akafika saa mbili. Silvano alikuwa Mombasa, anaendesha lori la mizigo. Alisema amezisoma barua zote, na amemsamehe.

"Basi rudi," Yusta alisema.

"Nimekusamehe kweli. Lakini ukinipa hata chai, nitajiuliza umetia nini. Sitaki kuishi na wewe hivyo, mpenzi." "Ungeniambia tu nisiende."

"Ungebaki?"

Waya ulivuma muda mrefu.

"Ningebaki," alisema Silvano, akakata.

Mama wa Posta alipouliza kama amemaliza, Yusta, simu ikiwa bado sikioni, alijibu kwamba bado.